Tusiikate mibarika, tukomeshe kuuza mbegu zake kama dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzazi mwenzangu wa hapa Tanga, ambaye barua yake ilitoka kwenye safu hii majuzi. Alitaka halmashauri iamuru mibarika yote iliyo karibu na shule na makazi ya watu ing'olewe. Aliandika kwa uchungu, na uchungu wake naujua, kwa kuwa mtoto aliyemtaja ni wa mtaani kwetu. Mtoto yule alitafuna mbegu za mbarika, yaani nyonyo, akicheza na wenzake, akatapika na kuharisha usiku kucha mpaka macho yakazama, akalazwa. Namshukuru Mungu, alitoka mzima na sasa anakwenda shule.

Hata hivyo, dawa aliyoipendekeza ndugu yangu huyo haitatibu kitu. Mbarika ukikatwa leo, masika yakianza utaota tena palepale. Na hata kama ungetoweka mkoa mzima, mbegu zake zingeendelea kuuzwa sokoni na kwenye simu zetu, zimefungwa vizuri kwenye vifuko, na muuzaji akimwelekeza mnunuzi namna ya kuzimeza. Hilo la kuuza mbegu mbichi kama dawa ndilo ninaloomba tulikomeshe. Mti wenyewe tuuache.

Nilifundisha Bayolojia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na sasa nakamua mafuta ya nyonyo pamoja na kina mama wenzangu wa hapa Makorora. Kazi ya kukamua niliirithi kwa bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, ambaye hakupata kununua mafuta ya nywele dukani maisha yake yote. Mti huu basi nimeusoma vitabuni na nimeushika kwa mikono, na inaniuma kuona unasingiziwa makosa ya watu.

Kwa wasioufahamu vizuri, mbarika hapa kwetu haupandwi, huota wenyewe. Utaukuta kwenye jalala, kandokando ya mitaro, nyuma ya vyoo, kwenye viwanja ambavyo nyumba imebomolewa, popote udongo umechimbuliwa na jua linafika. Nenda Pongwe, au shika njia ya Pangani, utauona umejiotea pembezoni mwa mashamba ya mkonge, mmoja una kimo cha mtu, mwingine umeshapita paa. Jani lake ni pana, lina vidole saba, tisa, hata kumi na kimoja, na kikonyo chake kimeshika katikati ya jani badala ya ukingoni.

Wataalamu wa mimea wameuweka peke yake. Jenasi yake, Ricinus, ina spishi moja tu duniani, Ricinus communis, na jina hilo liliandikwa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Hata ule wenye majani mekundu unaopandwa kama pambo mbele ya nyumba za wageni ni huohuo. Familia yake ndiyo kubwa, ina spishi zaidi ya 6,000, na ndugu zake kadhaa tunaishi nao kila siku: muhogo, mti wa mpira, mnyaa tunaouzungushia ua, na mbono kaburi. Na mbarika si mgeni aliyeletwa na meli. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mibarika ya porini halisi iko huku kwetu Afrika Mashariki, hasa Kenya na Ethiopia. Kutoka huku ndiko ulikosambaa. Mbegu zake zimekutwa kwenye makaburi ya kale ya Misri, ambako mafuta yake yaliwashwa taani.

Naomba yeyote anayetaka uteketezwe aende kwanza akauangalie asubuhi, ukiwa kwenye maua. Maua yake hayana petali. Ya kiume yako upande wa chini wa kichala, yana rangi ya manjano iliyofifia, na ukigusa tawi chavua inatimka. Ya kike yako juu, kila moja limetoa vinyuzi vyekundu vya kunasia chavua inayoletwa na upepo. Ua la kike likishatunga huwa tunda lenye miiba laini isiyochoma, ndani lina vyumba vitatu, na kila chumba kina mbegu moja. Tunda likikauka sawasawa hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Sisi tunaoanika tunayajua haya vizuri. Mchana wa jua kali unasikia pa, pa, pa kwenye mkeka, na usipofunika kwa chandarua kikuukuu mbegu zinatawanyika ua mzima.

Mbegu yenyewe ni nzuri kweli. Inang'aa, ina mabaka ya kahawia na kijivu, na mabaka ya mbegu za mti huu hayafanani na ya mbegu za mti wa pili. Kwenye ncha ina kinundu cheupe chenye mafuta. Kinundu hicho ni chakula cha sisimizi. Wanaikokota mbegu hadi kwenye shimo lao, wanakula kinundu, mbegu yenyewe wanaiacha, nayo inaota hukohuko. Ndiyo maana nasema kumtuma kijana na panga ni kupoteza nguvu. Mti uliojifunza kurusha mbegu zake na kuzibebesha wadudu hauwezi kumalizwa na tangazo la ofisi ya kata.

Uzuri huohuo ndio unaowavuta watoto. Komwe za kuchezea bao zikikosekana, nyonyo zinachukua nafasi yake. Wasichana huzitunga shanga. Mtoto mdogo anayekaa pembeni kuwatazama wakubwa wake anaziokota na kuzitia mdomoni, maana zinafanana na kitu cha kuliwa, na ukizipasua ndani ni nyeupe, zina mafuta, hazichomi ulimi.

Ndani ya weupe huo kuna sumu iitwayo risini. Mtu wa kwanza kuitenga na kuipa jina ni Peter Hermann Stillmark, mwaka 1888, alipokuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Risini ni protini. Ikiingia ndani ya seli huziharibu ribosomu, yaani mahali ambapo seli hutengenezea protini zake, na seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Za kwanza kudhurika ni seli za utumbo, ndiyo maana mgonjwa hutapika na kuharisha, pengine kwa damu, halafu anaishiwa maji, na ikizidi hudhurika figo na ini. Dalili hazianzi papo hapo. Zinaweza kuchukua saa nne, saa kumi, hata zaidi, na katika saa hizo mzazi anamwona mtoto anacheza, anadhani yamepita.

Ukali wake unajulikana dunia nzima. Mwaka 1978 mwandishi wa Kibulgaria, Georgi Markov, alichomwa mguuni akiwa kituo cha basi jijini London, akafa siku chache baadaye. Katika paja lake kilitolewa kipira kidogo cha metali, kisichozidi kichwa cha pini, na madaktari waliamini kilibeba risini. Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kemikali umeitaja risini kwa jina katika jedwali lake la kwanza, pamoja na zile zinazoogopwa kuliko zote. Mhariri, kitu hicho hapa Tanga kinapangwa mezani kando ya ubani, udi na mdalasini, na bei yake haifiki ya chupa ya soda.

Niliikuta meza ya namna hiyo kwenye soko moja ambalo silitaji, kwa sababu yule kijana si peke yake na sitaki abebeshwe mzigo wa wote. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," nikamwitikia, nikamuuliza zile mbegu ni za nini.

"Za uzazi wa mpango, mama. Na kwa wengine zinasafisha tumbo na kutoa sumu mwilini."

"Unamezaje?"

"Unameza nzima na maji. Usitafune tu."

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema kaziona kwenye simu, na wateja wanarudi wakisema ziko vizuri.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili la wateja wanaorudi, maana ndilo linalowaponza wengi. Ganda la mbegu ya nyonyo ni gumu. Mtu akiimeza ikiwa nzima, haikupasuka wala haikuchubuka, inaweza kupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia, bila kuacha sumu. Mtu huyo atamwambia shoga yake kwamba kameza na hakuona lolote. Kweli hakuona lolote, kwa sababu hakupata chochote, si sumu wala hiyo dawa anayoambiwa. Shoga naye anakwenda kununua. Mbegu yake ilikaushwa vibaya ina ufa, au aliiuma kidogo kwa kuwa ilimkwama kooni, au muuzaji mwingine kamwambia aiponde achanganye na asali ili "ifanye kazi haraka". Huyu wa pili ndiye anayelazwa, na akilazwa anaona haya kusema alimeza nini. Daktari anahangaika na kipindupindu na sumu ya chakula, wakati jibu liko kwenye mkoba wa mgonjwa.

Nawaambia dada zangu na wanangu, bila kumficha mtu: njia za uzazi wa mpango zinatolewa bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Ziko vidonge, sindano, kijiti, kitanzi. Kama moja imekukataa, ikakuletea hedhi nyingi au kichwa kuuma, rudi umwambie muuguzi akubadilishie. Najua wapo waliorudi wakajibiwa vibaya, na hilo nalo linawasukuma watu kwenda kwenye meza za sokoni. Lakini majibu mabaya ya mtu mmoja kwenye dirisha la kliniki yasikupeleke kumeza sumu. Kliniki ziko zaidi ya moja.

Sasa niseme juu ya mafuta, maana baada ya barua ya mzazi yule wapo wateja walioturudishia chupa wakidhani tunawauzia sumu. Risini haiyeyuki kwenye mafuta. Mafuta yakitoka, sumu hubaki kwenye machicha. Tena kwa kuwa ni protini, moto unaiharibu. Bibi yangu hakusoma kemia, ila utaratibu wake wote, kuanzia kikaango hadi sufuria, ni wa moto.

Mbegu zikishakauka tunazimenya ganda, tunazikaanga kwenye kikaango cha udongo kwa moto wa wastani mpaka zinaanza kutoa jasho la mafuta na rangi inageuka ya kahawia. Zikipoa kidogo tunazitwanga kwenye kinu ambacho hakitwangiwi kitu kingine. Hapa kila mtwangaji anafunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la nyonyo lina tabia ya kuwasha macho na kubana kifua, na wako watu wasioweza kulivumilia kabisa. Rojo linalopatikana linatiwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka na kukorogwa pole pole. Mafuta yanapanda juu taratibu, mazito, ya rangi ya asali, nasi tunayaengua kwa upawa na kuyatia kwenye sufuria nyingine. Yale yaliyoenguliwa yanachemshwa tena peke yake mpaka maji yote yaliyobaki yaishe. Unajua yameisha pale ambapo mafuta yanaacha kupiga kelele na mapovu yanatulia. Yakipoa tunachuja kwa kitambaa safi. Mbegu nzuri mafuta yake yanakaribia nusu ya uzito wake, ingawa kwa kinu na upawa huwezi kuyatoa yote, mengine yanabaki.

Machicha hatumpi mnyama. Hata kama yamechemshwa, sisi tunachimba shimo na kuyafukia mbali na banda, kwa sababu mbuzi, kuku na mbwa wanakufa kwa machicha ya nyonyo yasiyoiva, na mbwa ndiye mwepesi zaidi kuyala. Kwa anayekamua nyumbani na kumwaga jalalani, namwomba aache leo.

Mteja akija tunamwambia yanafaa kwa nini na hayafai kwa nini. Ni mafuta mazito ya kulainisha ngozi kavu, visigino vilivyopasuka na nywele zinazokatika kwa ukavu. Kwa nywele tunamshauri achanganye na ya nazi, kwa sababu yakiwa peke yake yanazigandisha. Akiuliza kama yatamrudishia nywele zilizonyonyoka, tunamjibu kwamba hatuuzi ahadi hiyo. Wapo wanaoiuza, kwa bei mara tatu ya yetu, na kwenye chupa zimebandikwa picha za nywele zinazofika kiunoni. Siwezi kuwaunga mkono.

La kunywa ni jambo jingine kabisa. Wazee wetu walikunywa mafuta ya nyonyo ili waharishe, na kuna kina mama wanaopewa na wakwe zao mimba ikishafika miezi tisa, ati uchungu uje haraka. Mafuta yakifika tumboni huvunjwa na kutoa asidi ya risinoleiki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, karibu asilimia 90. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba asidi hiyo hukamata vipokezi vya aina moja vilivyoko kwenye misuli ya utumbo na kwenye misuli ya mji wa mimba pia. Kwa maneno mengine, kinachomharisha mama ndicho kinachoubana mfuko wa uzazi. Mama mjamzito asipewe mafuta haya nyumbani na mtu yeyote, awe mkwe, mkunga wa jadi au mimi. Akitaka kujua lini na kwa njia gani atajifungua, aende kliniki. Na chupa zetu za kupaka hazikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa.

Narudi kwa mzazi mwenzangu na panga lake. Namwomba afikirie muhogo, ndugu wa damu wa mbarika. Muhogo mchungu una sianidi ya kutosha kuua, na kila mwaka tunasikia mahali fulani familia imedhurika kwa kuula bila kuuandaa. Hakuna mtu hapa Tanga aliyewahi kusema muhogo ung'olewe. Tunaumenya, tunauloweka, tunauanika makopa, tunausaga na kusonga bada, na watoto wetu tunawafundisha mapema kabisa kwamba ule mchungu hautafunwi shambani. Mnyaa nao, utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofua, lakini nusu ya nyua zetu ni za mnyaa, na kila mtoto anajua kufumba macho na kugeuza uso mzee anapoukata. Tumeishi na familia hii ya mimea kwa kuijua. Mbarika ndio tuliousahau kuufundisha, kwa sababu siku hizi mafuta yanatoka dukani.

Kuna la zaidi kuhusu muhogo ambalo kila mtu wa mkoa huu angepaswa kulijua. Kule Amani, Muheza, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, watafiti wa wakati wa Waingereza walianza miaka ya 1930 kuupandishia muhogo na ndugu yake, ule mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazil, ambao kwa biashara ulikuwa umeshashindwa na kubaki kama pori. Walitafuta mbegu zinazostahimili magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, na huu wa pili ndio ugonjwa ambao maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yaliandikwa na H. H. Storey wa hapohapo Amani mwaka 1936. Muhogo wa Namikonga, unaosifika hadi leo kwa kuhimili michirizi ya kahawia, ni uzao wa kazi ile. Kama kungetoka amri wakati ule ya kung'oa kila mti usio na bei, muhogo ungekosa msaada huo. Ninapouona mbarika wa porini, usiotunzwa na mtu, umesimama kwenye kiangazi cha Januari majani yake mabichi, nawaza ni nini kimo ndani yake ambacho mtu wa kesho atakihitaji.

Hata hapa tulipo unahitajika. Nyonyo ni malighafi ya sabuni, vipodozi, rangi, vilainishi vya mitambo na aina fulani za nailoni, na India ndiyo inayozalisha sehemu kubwa mno ya mbegu zote duniani. Dukani Tanga mjini nimeshika chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo iliyotoka ng'ambo, na nje ya duka hilo, kwenye mtaro, mbarika ulikuwa unadondosha mbegu. Kina mama wangapi wangepata riziki wakiokota, wakikamua kwa usafi na kupimiwa mafuta yao na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye dhamana ya vipodozi? Sisemi kila mtu aanze. Kazi ni ngumu, moshi ni mwingi na bei haina uhakika. Nasema mti wenye faida hiyo usifutwe kwa hasira.

Kwa wanaohusika, ombi langu ni hili. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala litoe tamko lililo wazi kwamba mbegu mbichi ya nyonyo si dawa ya kumeza, kwa uzazi wa mpango wala kwa jambo lingine, na wakaguzi wapite masokoni kuziondoa. Wapite kwa upole, kwa sababu wauzaji wengi ni vijana wanaotafuta mkate na hawajui wanachokiuza. Yule niliyezungumza naye, nilipomweleza aliziondoa mezani mbele yangu. Mbegu za kupanda na za kukamulia ziuzwe kwa wakamuaji, zikiwa na maandishi ya onyo.

Walimu wenzangu wa shule za msingi, chukueni kichala kimoja, kipelekeni darasani, waonyesheni watoto jani, tunda na mbegu, muwaambie hii haiingii mdomoni, halafu wote waende wakanawe mikono. Kipindi kimoja kinatosha. Pale ambapo mbarika umeota ndani ya uwanja wa shule ya awali, sina ubishi, ung'oeni, watoto wa umri ule hawaelezeki. Kwingineko, kateni vichala vikiwa bado kijani, kabla havijakauka na kupasuka, mpeleke kwa wakamuaji au mfukie.

Na kwa mzazi ambaye mwanawe ametafuna: usisubiri dalili. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa ukadhani umemaliza kazi, kwa sababu maziwa hayaiondoi risini. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uchukue mbegu moja au jani umwonyeshe daktari, umwambie bila kuficha alikula nini, kiasi gani na lini. Dawa mahususi ya kuipinga sumu hii haipo, lakini mgonjwa akiwahiwa, akaongezewa maji na kuangaliwa kwa karibu, mara nyingi anapona, kama alivyopona mtoto wa mtaani kwetu. Mama yake alikuwa ameifunga mbegu kwenye ncha ya kanga, na daktari aliijua mara tu alipoiona.

Mhariri, kama nafasi ya gazeti ni ndogo na lazima ukate barua yangu, kata mengine yote, aya hiyo ya mwisho uiache.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga